Michezo ya kuigiza uhusika na hesabu yake ya wakati

Wanaonifahamu hapa Lubumbashi wanajua kwamba katika michezo yote ya video napenda zaidi ile ya kuigiza uhusika, yaani RPG, ambamo unamwongoza mhusika wa hadithi na kumwamulia mambo, na mara nyingi huniuliza kinachonivutia katika mchezo unaodai saa nyingi kiasi hicho, wakati mechi ya mpira kwenye skrini huisha kabla chai haijapoa. Kinachonivutia ni namna michezo hii inavyoutumia wakati. Ule uliotengenezwa vizuri hukutaka uamue jambo sasa, kisha hukudai gharama yake baadaye sana, utakapokuwa umekwisha kulisahau. Hata hivyo, ni katika kuhesabu wakati huohuo ndipo michezo hii inapoudhi kuliko mahali pengine popote.

Chukua The Witcher 3, uliotolewa mwaka 2015 na CD Projekt Red ya Poland. Geralt, mwindaji wa mazimwi anayefanya kazi kwa malipo, anafika kwenye kilima ambako pepo amefungwa chini ya mti mkubwa. Pepo huyo anaahidi kwamba akifunguliwa atawaokoa watoto yatima wa kinamasini, walio mikononi mwa vikongwe watatu wachawi. Ukimfungua, ahadi anaitimiza na watoto wanasalimika, ila kijiji cha jirani kinateketea, na mke wa Baroni, mtawala wa eneo hilo, ambaye ndiye aliyekuwa akiwalea watoto hao, analaaniwa na vikongwe hadi kufa; baadaye unamkuta Baroni mwenyewe amejinyonga kwenye mti uliopo uani kwake. Ukimuua pepo, mama yule anabaki hai ingawa akili zimemruka, mumewe anaondoka naye kwenda kumtafutia tiba mbali, na watoto hawaonekani tena.

Hapo mdogo wangu, aliyekuwa ameketi kando yangu akitazama, alishika upande wa watoto. "Yaya, wao ni wengi, mama ni mmoja," alisema (yaya kwetu ni ndugu mkubwa), nasi tukabishana mpaka tulipoitwa kula bukari. Ninachokisifu ni umbali uliowekwa kati ya tendo na matokeo yake. Kama matokeo yangeonekana papo hapo, mchezaji angefungua tu mchezo aliouhifadhi dakika mbili kabla na kuchagua upya; lakini yanapochelewa, kurudi nyuma kunamaanisha kufuta kazi kubwa iliyokwisha kufanyika, na kwa hiyo wengi wetu huendelea mbele tukiwa tumelibeba tulilolitenda. Riwaya inaweza kunihuzunisha kwa kifo cha Baroni, lakini haiwezi kuniambia kwamba mkono wangu umo.

Sasa tazama udhaifu, tena katika mchezo uleule. Ciri, binti ambaye Geralt amemlea, anafukuzwa na maadui wa kutisha, na kila anayekutana naye anamhimiza Geralt afanye haraka. Hata hivyo, mchezaji akitaka kukaa wiki nzima akicheza karata na wenye nyumba za wageni, hakuna kitakachompata Ciri. Skyrim wa mwaka 2011 una tatizo hilohilo: joka Alduin amekuja kuumaliza ulimwengu, lakini humngoja mchezaji hata akitumia miezi kuchuma mimea na kutengeneza dawa. Kwangu mimi hili ni kosa zito, kwa sababu mchezo uliotuambia kwamba matendo yana gharama unatuambia pia kwamba kuchelewa hakuna gharama yoyote.

Ulikuwepo mchezo uliothubutu. Katika Fallout wa mwaka 1997, kifaa cha kusafishia maji cha handaki mnamoishi wewe na watu wako kimeharibika, na unapewa siku 150 ulete kingine. Zikipita, watu wako wamekwisha. Unaweza kuwalipa wafanyabiashara wapeleke maji handakini ili upate siku 100 zaidi, lakini misafara hiyo inawarahisishia maadui kugundua mahali mnapojificha. Msomaji wa mtaa ambako bomba hukauka na watoto hutumwa na madumu ataelewa mara moja uzito wa uamuzi huo. Wachezaji wengi walilalamika kwamba siku zinazohesabiwa zinawanyima nafasi ya kuzurura, na watengenezaji wakaulegeza mno, kwa marekebisho ya baadaye, ukomo mwingine wa siku 500 uliokuwa umefichwa katika hadithi. Nayaelewa malalamiko hayo, lakini sikubaliani nayo.

Juu ya nambari zinazopima nguvu za mhusika nitasema machache. Alama za uzoefu na ngazi za nguvu zilirithiwa kutoka mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons wa mwaka 1974, na kuona mhusika wako akikua ni raha ya kweli. Lakini Oblivion wa mwaka 2006 ulifanya maadui wakue pamoja nawe, hata wanyang'anyi wa njiani wakaanza kuvaa deraya za thamani kubwa huku wakikudai vijisarafu. Kukua kwa namna hiyo hakuna maana.

Yapo pia mambo yanayotuumiza sisi zaidi ya wengine. Final Fantasy VII wa mwaka 1997 ulikuruhusu kuhifadhi mchezo katika sehemu maalumu tu, au ukiwa kwenye ramani ya ulimwengu. Umeme ukikatika ukiwa ndani ya pango refu, unaanza tena ulikohifadhi mara ya mwisho. Baldur's Gate 3 wa mwaka 2023 unahifadhi wenyewe mara kwa mara, lakini unahitaji nafasi ya gigabaiti 150, na kwa bei ya vifurushi vya intaneti vya hapa, kuupakua ni mzigo kwa familia nzima. Maandishi yake yapo kwa Kifaransa, sauti ni za Kiingereza pekee, na Kiswahili hakimo kabisa.

Kwa anayetaka kuanza bila gharama kubwa, namshauri aanze na Fallout ule wa kwanza. Kompyuta kuukuu ya ofisini inauweza, hauhitaji intaneti ukishawekwa, na unaweza kuuhifadhi karibu popote, hata katikati ya mapigano zamu yako inapofika.