Siku moja kazini: mto mmoja na namba 41 za simu

Saa 11 alfajiri

Kabla sijanawa uso nafungua ramani ya mvua. Hakuna aliyenituma. Mkataba wangu unadai ripoti tatu na mafunzo ya siku mbili, wala hausemi lolote kuhusu kuchungulia mawingu gizani. Lakini ukishakaa miezi minne na bonde moja la mto, mvua inayonyesha huko juu milimani inakuwa yako. Leo mawingu ni mepesi na utabiri wa siku tatu hauna la kutisha. Afadhali, maana usiku tuna jaribio la simu za tahadhari, na jaribio halitakiwi kugongana na mafuriko ya kweli.

Wanaoniuliza kazi yangu huwa nawajibu hivi: serikali ya nchi inayoendelea inapata mkopo au msaada wa kujikinga na maafa na mabadiliko ya tabianchi. Ndani ya fedha hizo kuna fungu linaloitwa msaada wa kitaalamu. Fungu hilo ndilo mimi. Cheo changu ni mshauri mwelekezi, ingawa siku nyingi wanaonielekeza ni wenyeji.

Saa 2 asubuhi

Barua pepe. Rasimu ya ripoti yangu ya pili imerudi na maoni 73. Mhakiki mmoja anataka neno "ustahimilivu" lionekane zaidi kwenye muhtasari. Mwingine anataka kila sura ioanishwe na vipaumbele vinne vya Mpango wa Sendai, ule wa kimataifa wa kupunguza hatari za maafa uliopitishwa Japani mwaka 2015 na unaofika mwisho 2030. Hilo la pili halina ubaya, kwa kuwa serikali huripoti utekelezaji wa mpango huo na mtu wa wizarani atahitaji jedwali. Hilo la kwanza nimeliacha. Neno tayari limo mara 58.

Katika maoni yote 73 hakuna hata moja lililogusa ukurasa wa 112, ambao ndio ripoti yenyewe: jedwali dogo linaloonyesha nani afanye nini maji yakifika mita ngapi.

Saa 3 na nusu

Kikao na watu wa wizara ya fedha. Hawa nawapenda kuliko wote kwa sababu hawana simile. Mkurugenzi hakutaka hata kuona slaidi.

"Dada mshauri, bima hii tunailipia kila mwaka. Maafa yasipotokea, hela imekwenda?"

"Imekwenda, Mkurugenzi."

"Na yakitokea italipa?"

"Inategemea kipimo."

Kazi ilianzia hapo. Bima tunayoizungumzia haitumi mtu kuja kuhesabu nyumba zilizobomoka. Inalipa kwa kipimo kilichokubaliwa mapema, kama kiasi cha mvua, kasi ya upepo au ukubwa wa tetemeko. Uzuri wake ni haraka. Mfuko wa pamoja wa nchi za Karibiani, ulioanza 2007, uliilipa Haiti ndani ya wiki mbili tu baada ya tetemeko la Januari 2010. Ubaya wake ni kwamba kipimo kinaweza kukosea huku watu wanaumia, na mfano wa hilo ni Malawi.

Nikawasimulia. Msimu wa 2015/16 Malawi ilikuwa imelipia bima ya ukame kupitia African Risk Capacity, chombo kilichoanzishwa chini ya Umoja wa Afrika. Ukame ukapiga, serikali ikatangaza janga, mamilioni ya watu wakahitaji chakula. Kompyuta ya bima ikasema waathirika ni wachache, hakuna malipo. Walipofukua wakakuta kosa liko shambani. Hesabu zilichukulia kwamba wakulima wanapanda mahindi yanayochelewa kukomaa, wakati wengi walishahamia mbegu ya muda mfupi. Mvua iliyokatika kwa wiki chache, ambayo mahindi ya muda mrefu yangeivumilia kwenye kompyuta, ndiyo iliyoyaua yale ya muda mfupi ardhini. Hesabu zikarekebishwa na dola zaidi ya milioni 8 zikalipwa, lakini kufikia hapo ilikuwa mwanzoni mwa 2017. Mtu mwenye njaa alikuwa amesubiri msimu mzima kwa sababu hakuna aliyemuuliza mkulima anapanda mbegu gani.

Mkurugenzi akaandika kitu kwenye daftari lake. "Kwa hiyo sisi kosa letu liko wapi?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo na wizara yoyote. Tukakaa saa nzima tukipitia vigezo kimoja kimoja. Mwisho tulikubaliana bima isibebeshwe kila kitu. Mafuriko madogo ya kila mwaka yalipwe na mfuko wa akiba. Ya katikati yasubiri mkopo ulioidhinishwa mapema, ule unaofunguka serikali ikitangaza maafa. Bima iachiwe lile balaa kubwa linalokuja kwa nadra. Kununua bima kwa ajili ya mafuriko ya kila mwaka ni kumlipa mtu akurudishie hela zako mwenyewe, pungufu.

Saa 6 mchana

Orodha ya simu. Mpango wa tahadhari wa bonde hili una kiambatisho chenye namba 41, kuanzia ofisa wa maji hadi wenyeviti wa vijiji vya mwisho kabisa karibu na bahari. Kiliandaliwa na mshauri aliyenitangulia. Leo nimekaa na kijana wa ofisi ya maafa tukapiga zote.

Namba tisa hazipo tena. Tatu zimeshikwa na watu wengine kabisa, na mmoja wao alikasirika. Mbili ni za maofisa waliohamishwa, mmoja akatuambia kwa upole kwamba sasa yuko idara ya mifugo. Kijiji cha sita na cha saba vina namba moja, ya mtu mmoja, naye kwa kawaida simu huizima ili chaji isiishe.

Simcheki aliyenitangulia. Na mimi nimeacha viambatisho vya namna hii katika nchi nyingine mbili. Orodha ya simu huanza kuoza siku inapochapishwa, na mikataba yetu huisha siku hiyohiyo. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza mwaka 2022 kwamba ifikapo mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe amefikiwa na tahadhari ya mapema. Rada zitanunuliwa, kompyuta zitafungwa, na hayo yote yanahitajika. Tume ya Kimataifa ya Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi ilieleza mwaka 2019 kwamba tahadhari ya saa 24 tu inaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Ila saa hizo 24 zinaweza zote kuishia mfukoni mwa bwana wa idara ya mifugo.

Tumesahihisha 12. Zilizobaki kijana atazifuata kwa pikipiki.

Saa 8 mchana

Mtoni, kwa muda mfupi. Kipimo cha kina ni ubao uliosimikwa kwenye nguzo ya daraja, wenye mistari na tarakimu. Tope limeganda hadi mita ya pili, na tarakimu ya 4 imefutika rangi, kwa hiyo msomaji wa kipimo amejichorea yake kwa makaa. Ndiyo hiyo tarakimu ambayo mpango mzima unaitegemea. Nimempiga picha akiwa ameishika kama anayemtambulisha ndugu yake.

Ananiuliza mafuriko ya miaka mia ni yapi, maana amesikia yalikuja juzi juzi na hayatarudi tena maisha yake yote. Jina hilo limepotosha watu wengi. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na mwaka ujao mahesabu yanaanza upya. Aliyejenga nyumba ya kukaa miaka 30 kwenye eneo hilo ana nafasi ya takriban moja kwa nne kuyaona. Na hapo ni kama mvua zitabaki kama zilivyokuwa, jambo ambalo tabianchi haijatuahidi.

Saa 10 jioni

Zoezi la mezani na kamati ya maafa. Nimewagawia kila mmoja kikaratasi: "Ni saa 8 usiku. Kipimo kimefika mita 4. Umeme umekatika. Fanya."

Ofisa wa maji akasema atamjulisha mkuu wake. Mkuu akasema atamjulisha katibu. Katibu akasema ataitisha kikao cha dharura. Nikauliza kikao hicho nani atakijulisha kina cha maji, wakamwangalia ofisa wa maji. Tumezunguka tumerudi pale pale, na kwa saa ya ukutani dakika ishirini zimepita.

Kisha mama mmoja wa kamati, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema: "Lori la kuwahamisha watu ni la idara ya ujenzi. Ufunguo anao dereva. Dereva anakaa ng'ambo ya mto."

Kurasa 160, na ufunguo haumo.

Hapo nikawaambia kuhusu Bangladesh, si kwa kuwaringia. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Baadaye serikali na Hilali Nyekundu, wakati huo Msalaba Mwekundu, wakaunda jeshi la watu wa kujitolea wa vijijini, wenye vipaza sauti vya mkononi na bendera: moja, mbili, tatu, kadiri hatari inavyosogea. Hata hivyo mwaka 1991 wakafa tena karibu 140,000, wanawake wengi kuliko wanaume. Baadhi yao walisita kwenda kwenye makimbilio yasiyokuwa na sehemu yao. Wakarekebisha hilo pia. Leo wa kujitolea wanazidi 76,000, nusu wanawake, na vimbunga vikali huko sasa huua makumi, pengine mamia au maelfu machache, badala ya malaki. Imewachukua miaka hamsini na haijaisha.

Mama yule akauliza bendera huwa wanazishonea wapi. Nimeandika swali lake. Ufunguo wa akiba utakaa kituo cha polisi upande huu wa mto kuanzia kesho, na ahadi hiyo imo kwenye muhtasari wa kikao pamoja na jina la atakayeupeleka.

Saa 3 usiku

Jaribio. Hakuna aliyejua saa isipokuwa mimi na kijana wa ofisi ya maafa. Ofisa wa maji anapigiwa, naye anapiga, wa pili anapiga, na kila anayepokea anatutumia ujumbe wenye neno "nimepata". Kutoka darajani maji huchukua kama saa sita kufika kijiji cha mwisho. Simu ziwahi zaidi ya hapo.

Dakika 4, wilaya. Dakika 19, kijiji cha kwanza, cha pili, cha tatu kwa mpigo. Dakika 50, cha nne kimeruka cha tano kwa sababu wenyeviti wale wawili hawasemezani. Tukapiga cha tano wenyewe na kuandika pembeni "kuna ugomvi", jambo ambalo hakuna modeli ya mafuriko iliyowahi kuniambia.

Saa moja na dakika 40. Kijiji cha mwisho, namba ya 41. Inaita, inaita, inakatika. Kijana anapiga tena na kuweka sauti ya juu. Inapokelewa na mtoto.

"Baba amelala."

Kijana ananitazama.

"Nimwamshe?" mtoto anauliza.

"Mwamshe," nikasema.

Tukasikia mlango.