Siku moja maishani mwangu: wiki tatu kabla ya mtihani wa CCNA

Saa 10:45 alfajiri. Ninaishi Kimara, ni fundi wa mitandao ya kompyuta katika kampuni ndogo hapa Dar es Salaam, ninajiandaa kwa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, na saa hii kabla ya adhana ndiyo saa yangu ya hesabu. Ninajiandikia daftarini anwani kumi za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, na kujipa dakika moja kwa kila swali. Anwani ya 192.168.10.70 yenye maski ya /26 (namba inayoonyesha mtandao wa kifaa unaishia wapi) imo katika subneti gani, yaani fungu gani la mtandao? Mafungu yana anwani 64 kila moja, yanaanzia 0, 64, 128 na 192, kwa hiyo imo katika fungu la 64, na vifaa vinaweza kupewa kuanzia .65 hadi .126, yaani vifaa 62. Leo nimepata nane kati ya kumi. Mtihani wenyewe, ule wenye namba 200-301, ni wa dakika 120, ada yake ni dola 300, na ukishajibu swali ukasonga mbele huruhusiwi kulirudia. Ndiyo maana sitaki hesabu ya subneti inile muda ambao maswali mengine yatauhitaji.

Saa 12:20 asubuhi. Katika foleni ya mwendokasi ninasikiliza sauti ambazo wenzangu wametuma usiku kwenye kundi letu la watu watano. Jana niliuliza kwa nini ruta, kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao, wakati mwingine huichagua njia iliyofunzwa na OSPF (utaratibu wa ruta kufundishana njia), ambayo umbali wake wa kiutawala ni 110, ilhali ipo njia pana zaidi iliyoandikwa kwa mkono yenye umbali wa 1, na umbali huo ukiwa mdogo ndivyo njia inavyoaminiwa zaidi. Aliyenijibu ni mwenzetu tunayemwita Mzee wa Kamba, kwa kuwa ametandaza nyaya maisha yake yote: “Kaka, ukiwa unakwenda Mbezi Beach, gari moja limeandikwa ‘Mbezi’ tu na jingine ‘Mbezi Beach’, hata kama kondakta wa lile la kwanza ni ndugu yako wa damu, utapanda lipi?” Ruta hutazama kwanza anwani iliyoandikwa kwa ukamilifu zaidi, na suala la nani wa kuaminiwa huja pale tu maandishi ya magari mawili yanapolingana. Mtu aliyewahi kushushwa Mbezi isiyo yake hawezi kulisahau jambo hilo.

Saa 3:00 asubuhi. Kazini, nyaya. Hakuna la kusimulia.

Saa 5:10 asubuhi. Nimetumwa katika ofisi moja ya mteja karibu na Posta, ambako printa mpya inachapa kwa wahasibu lakini inawakatalia watu wa chumba cha mapokezi. “Shikamoo mama,” nikamwamkia mhusika wa ofisi. “Marahaba mwanangu. Hiyo mashine inabagua watu,” akanijibu, na kwa kweli hakukosea. Kompyuta za wahasibu zimo katika fungu la 64 pamoja na printa, na za mapokezi zimo katika fungu la 0. Nilipofungua mipangilio ya printa niliikuta ile anwani ya alfajiri, .70, lakini maski imewekwa 255.255.255.0 badala ya 255.255.255.192, ambayo ndiyo ile /26. Kwa maski hiyo printa iliamini kuwa kompyuta ya mapokezi yenye .10 ni jirani yake wa ukuta mmoja, kwa hiyo badala ya kumpa ruta jibu alipeleke, ilikuwa ikiita ndani ya mtandao wake kwa ARP, njia ya vifaa kutafutana kwa anwani, “Nani mwenye .10?”, na hapakuwa na wa kuitika. Nilibadilisha sifuri ya mwisho ya maski kuwa 192, nikaichapia mapokezi karatasi ya majaribio, nikapewa chai na vitumbua viwili. Nilirudi kazini nikiwa nimejaa maringo.

Saa 11:45 jioni. Kundi hukutana Magomeni, katika banda la mwenzetu anayetengeneza kompyuta, baada ya wateja kuondoka. Kanuni yetu ni kwamba atakayekosa swali hubaki na deni: kesho yake atalifundisha swali hilohilo bila daftari. Nilianza kwa kuwasimulia kisa cha printa, kwa madaha, nikitarajia kusifiwa. Dada wa Benki, ambaye hupokea simu za matatizo ya kompyuta katika benki yao na ndiye mkali wetu wa maswali, alisubiri nimalize. “Kaka, kama ruta ya pale ingekuwa ya Cisco yenye mipangilio yake ya kiwandani, ungeitwa?” Nikasema ningeitwa vilevile, maski mbaya ni maski mbaya.

Tunayo ruta moja kuukuu ya Cisco 1841 tuliyoichangia fedha, nayo ina milango miwili ya mtandao, ambayo inatosha kabisa kwa kesi hii. Tuliunganisha kompyuta mbili, moja tukaipa .10 na maski sahihi, nyingine .70 na ile maski ya makosa. Dakika kumi za mwanzo zilipotea kwa sababu ukuta wa ulinzi wa Windows ulikuwa ukizuia pingi, ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinafikika, na nashauri mtu yeyote anayejifunza kwa mashine halisi auzime ukuta huo kabla hajailaumu ruta. Kisha tukatuma pingi kutoka .70 kwenda .10, nayo ikajibiwa, zote nne.

Dada wa Benki hakusema neno, aliandika tu arp -a, amri ya kuonyesha walioitika kwa ARP, na kunigeuzia kioo. Anwani ya .10 na anwani ya ruta, .65, zilikuwa na namba moja ya MAC, namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, kana kwamba ni kifaa kimoja. Ruta za Cisco huja zikiwa na proksi ARP imewashwa, kwa hiyo zikisikia mtu anaitwa ambaye yuko upande wa pili na njia ya kumfikia zinaijua, huitika kwa niaba yake. Kosa lilikuwepo, ila ruta ilikuwa ikilifunika. Tukaizima kwa kuandika no ip proxy-arp kwenye mlango wa upande wa .70, tukafuta kumbukumbu ya ARP ya kompyuta kwa arp -d *, tukatuma pingi tena. Kimya. Ndipo ofisi ya Posta ilipoonekana mezani kwetu, na ndipo nilipotambua kwamba mchana nilitengeneza printa bila kuijua nusu ya sababu ya kuharibika kwake. Deni likaandikwa ubaoni kwa jina langu.

Saa 4:10 usiku. Nyumbani, baada ya kula, nimeirekodi sauti ya dakika tatu nikieleza proksi ARP bila kutazama popote, nikatumia mfano wa jirani anayeitika hodi isiyo yake. Nimeituma kwenye kundi ili nilale bila deni. Mtihani hauna Kiswahili, na Dada wa Benki hajalisahau hilo, jibu lake limeingia kabla sijazima taa: “Vizuri, kaka. Sasa rudia yote kwa Kiingereza, na usizidishe dakika moja.”