Swali la mzee wa mashine

"Hii injini ilikufa na nini?"

Tangu Jumanne swali hilo halijanitoka. Nikikata vitambaa nalisikia, nikibandika chai nalisikia, na usiku ndiyo kabisa. Wiki yenyewe haikuwa tupu: kaka amepata ile kazi ya Eldoret tuliyokuwa tukiiombea, binamu yetu ameposwa, stima imekatika kutwa nzima nami nina oda ya sketi za shule ya Njoro. Yote yamepita. Swali limebaki.

Habari za Probox, gari letu ambalo injini yake naifungua na kuifufua mwenyewe, mnazijua, sirudii. Jumanne tulipeleka hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda (matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka), kwa mzee wa mashine, fundi wa kuchonga vyuma, ikasawazishwe uso. Niliibeba mwenyewe, imefungwa kwenye leso kuukuu ya mama. Kaka alikuja kwa kuwa pikipiki ni yake. Mzee akaipokea, akaiweka mezani, akapitisha kidole pale kati ya silinda ya pili na ya tatu, akaniangalia usoni, mimi hasa, ndipo akauliza. Nikavuta pumzi nijibu. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshamgeukia kaka, anangoja jibu kwake.

Kaka ni mtu wa hesabu za duka, injini hajawahi kuigusa. Akasema, "Ilichemsha tu, mzee."

"Zote huchemsha," mzee akasema. Akacheka, akataja bei.

Njiani kaka akaniambia, "Si ungesema wewe, dada?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeshika leso tupu mkononi na koo limenikaba.

Basi nasema sasa. Mzee, injini hii ilikuwa na maradhi mawili, na hilo la kuchemsha lilikuja nyuma. Kwanza ilikuwa inakula oili. Miezi mingi tuliongeza oili kila wiki, na asubuhi ikiwashwa ilitoa moshi wa buluu hadi mama mkwe akawa anafunga dirisha. Nilipoifungua nilikuta ringi za oili, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, zimegandamana na masizi ndani ya mifereji yake, haziwezi kutanuka, na vile vitundu vidogo vya pistoni vya kurudishia oili vimeziba kabisa. Ringi isiyotanuka haikwangui oili ukutani, kwa hiyo oili inapanda juu inaungua. Ya pili ndiyo joto. Redieta ilikuwa imeziba nusu, na tulipopita Salgaa tukaanza kuukwea mlima wa Sachangwan na mzigo wa sare za Molo, maji yakachemka, hedi ikapinda. Nilipoilaza rula ya chuma juu yake, fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia mianya, ya milimita 0.10 ilipita katikati. Kinachokubaliwa kwa injini hii ni 0.05.

Na kabla ya kufungua hata boliti moja nilipima kompresheni, yaani nguvu ya hewa inapobanwa ndani ya silinda. Silinda ya 1, 2 na 4 zilisoma psi (pauni kwa inchi ya mraba) 150 na kidogo. Ya 3 ilisoma 95. Nikamimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya hiyo ya 3, nikapima tena, ikapanda hadi 140. Ikipanda namna hiyo, upepo unapotea kwenye ringi, kwa sababu oili imeziba mwanya kwa muda. Isingepanda, ningeshuku valvu au gasketi. Hilo nilijifunza kwa yule Mfilipino wa zile video za mafundi ninazojifunzia, ambaye lugha yake siielewi hata neno moja, lakini mikono yake inaeleweka.

Kuna jambo hapo ambalo hakuna video iliyoniambia, na ndilo nililotaka zaidi kumwambia mzee. Wale wa video wote wanataja 213 kuwa ndiyo kompresheni ya injini yenye afya ya aina hii. Nilipoona 150 kwenye silinda tatu niliona zote zimekwisha, nikakaa chini nikawaza bei ya injini nyingine. Halafu nikajiuliza: wao wako wapi? Wengi wako karibu na bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yetu ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Pistoni inabana kile ilichovuta tu. Ukipiga hesabu hiyo, injini mpya kabisa hapa kwetu itasoma 170 hivi. Kumbe zangu tatu zilikuwa wazee wanaotembea bado, na mgonjwa alikuwa mmoja. Hesabu hiyo niliipiga peke yangu, nyuma ya karatasi ya vipimo vya sketi, mtoto amelala.

Mzee aliuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu gari hili. Nadhani ndiyo maana limeniuma hivi. Angeuliza swali la kipuuzi ningeshasahau. Na ni swali ambalo video haziulizi. Zinaanza injini iko tayari juu ya stendi, imeoshwa, mtu amevaa glavu, na ikifika boliti iliyoshika kutu video hukatwa hapo katikati: sekunde hii anahangaika nayo, sekunde inayofuata iko mezani. Ilitokaje? Hapo ndipo mimi nilipoachwa na taa ya simu na mafuta ya taa mpaka usiku wa manane.

Lakini siwezi kuzisema vibaya. Gereji ukiuliza jambo mara ya pili unaambiwa "nilishakuonyesha", na ukiwa mwanamke unaonyeshwa stuli ukae usubiri. Video haihamishii macho kwa mtu mwingine. Naipunguza mwendo, naisimamisha kidole kikiwa juu ya alama ya cheni ya taimingi, nahesabu viungo, narudia. Kwa bando la usiku nazipakua zote kabisa, asubuhi natazama simu ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni ili nisiipake grisi.

Ijumaa mambo yakabadilika. Jioni, baada ya kufunga cherehani, niliweka beringi mpya na krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Nilikata kile kiuzi cha plastiki cha kupimia, nikakilaza juu ya kila jonali (shingo ya krankishafti inayokaa kwenye beringi), nikakaza kifuniko, nikafungua, nikalinganisha upana wa kiuzi kilichobanwa na mistari ya kwenye karatasi yake. Kote sawa. Nikafuta, nikapaka oili, nikakaza mara ya mwisho. Kisha nikashika ncha ya krankishafti kwa vidole viwili na kuizungusha.

Ikazunguka. Haikukwama popote, haikukwaruza, ilikwenda mzunguko mzima na nusu ya pili kwa uzito wake yenyewe. Nilipiga vigelegele. Mama mkwe akatoka akidhani ni habari za posa. Nikamwambia, "Mama, shika uzungushe." Akaifuta mikono kwenye dera, akazungusha, akasema, "Yaani chuma chote hiki?" Akazungusha tena bila kuambiwa.

Ringi nazo nilizipima zote kabla ya kuzivisha. Unaisukuma ringi ndani ya silinda kwa pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawasawa, halafu unapitisha fila geji kwenye mwanya wa ncha zake. Kwenye ringi za juu, ya 0.30 ikaingia ikikwaruza kidogo, kama inavyotakiwa. Maisha yangu yote nimepima kwa futi ya kitambaa, mahali ambapo nusu sentimita ni ubishi tu kati yangu na mteja. Kupima chini ya nusu milimita na kuiamini mikono yangu ni furaha nisiyokuwa nayo mwaka jana.

Jumamosi nilienda peke yangu kuchukua hedi. Mzee alikuwa na wateja. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, binti. Iko pale." Nikatoa rula yangu na fila geji mkobani, nikaipima palepale kwenye meza yake: urefu, upana, na kona kwa kona. Ya 0.05 haikupita popote. Kazi yake ni safi mno, ule uso ulikuwa unang'aa bila alama hata ya ukucha. Alisimama akaniangalia mpaka nikamaliza. Hakuuliza kitu, nami sikusema kitu ila asante. Nililipa, nikaifunga kwenye leso, nikaondoka. Sijui aliwaza nini. Jibu langu bado ninalo, na akiniuliza siku yoyote nitampa lote, tangu kijiko cha oili.

Wiki ijayo ni kufunga hedi. Boliti kumi, kuanzia katikati kwenda nje, kwanza nyutoni-mita 29 kwa ile spana ya kupimia nguvu inayolia "tak", halafu robo mzunguko, halafu robo nyingine. Nitatia kila boliti tone la rangi ya kucha ili nione nimezungusha ipi. Spana nimeshakodi.

Jana usiku nikimsugua mtoto meno nimeona lile jino jipya la mbele limetoka na mabaka meupe. Yangu yalianza hivyohivyo, kahawia ilikuja baadaye, na mnaoishi Nakuru mnajua ninachosema. Floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya visima vya huku, inaingia kwenye jino likiwa bado ndani ya ufizi, na kuchemsha maji hakuiondoi. Ana meno mengine mengi bado hayajatoka. Kuna vile vichujio vya mkaa wa mifupa, lakini pesa zote zimeingia kwenye ringi na beringi. Mwenye nyumba anasema maji ya kisima chake yalipimwa yakawa sawa. Karatasi ya vipimo sijawahi kuiona. Kesho akija kuchukua kodi nitamwomba anionyeshe.