Herufi moja iliyonikesha: nilivyorudi Nix kutoka Lix

Laptopu sita za darasa letu la chumba cha juu, hapa mtaa wa Langoni, Lamu, hakuna iliyonunuliwa mpya. Zilikuja moja moja. Moja kibodi imeng'oka vitufe, mbili betri zimekufa kabisa, stima ikikatika nazo zinazima papo hapo. Ndiyo maana tangu mwanzo niliziwekea NixOS, mfumo endeshi huria unaokaa mahali pa Windows. Mashine nzima, kuanzia printa hadi fonti, imeandikwa katika mafaili machache ya maandishi. Laptopu ikifa nanakili mafaili yale kwenye nyingine, natoa amri moja, darasa linaendelea. Nikiharibu, naiwasha upya na kuchagua hali ya jana kwenye menyu. Lamu, ambako fundi wa kompyuta ni mimi na kipuri lazima kivuke maji kutoka Mokowe, hilo limeniokoa mara nyingi.

Chini ya NixOS kuna Nix yenyewe, programu inayoshusha, kujenga na kupanga vifurushi vyote, yaani programu za mashine na vipande vyake. Ilianza mwaka 2003, kazi ya Eelco Dolstra katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Mwaka 2024 jumuiya yake iliingia kwenye mzozo wa namna inavyoongozwa, na baadhi ya wachangiaji wakachukua Nix 2.18 wakaiendeleza wenyewe kwa jina la Lix. Programu huria ndivyo ilivyo: msimbo uko wazi, asiyeridhika anachukua nakala na kushika njia yake. Toleo lao la kwanza, 2.90, lilitoka Julai mwaka huo, na mimi sikukawia kuhamia.

Nusu ya sababu ilikuwa kiherehere, nakiri. Nusu nyingine ni kwamba ujumbe wa makosa wa Lix niliuona unasomeka vizuri zaidi. Nilikaa nayo karibu mwaka mzima na haikunifanyia ubaya wowote.

Kilichonirudisha ni mwenzangu wa Mombasa. Tunashirikiana mafaili ya usanidi, yale yale yanayoieleza mashine nzima. Yeye ndiye aliyetunga sehemu ya kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, na kamusi hiyo ameiweka katika hazina ndogo ya Git (programu inayotunza kila hatua ya mabadiliko ya mafaili) iliyomo ndani ya hazina kubwa. Siku moja akaongeza mstari huu: `inputs.self.submodules = true;`. Mstari huo, unaoiambia Nix ichukue na hazina ndogo za ndani, ulikuja na Nix 2.27. Lix niliyokuwa nayo mimi haikuufahamu, ikakataa faili zima.

Ningeweza kumwomba aandike kwa njia ya zamani. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshamwomba hivyo mara mbili kwa mambo mengine, naye akaniandikia bila kulalamika. Mara ya tatu nikaona haya. Kila maelezo niliyokuwa nikiyasoma ilibidi nijiulize kwanza kama yananihusu, na kila nilipokwama ilinibidi nimweleze mtu kwamba mimi ninatumia ile nyingine. Mtu mwenye wenzake watatu ofisini anaweza kuubeba mzigo huo. Mimi niko peke yangu na darasa la saa mbili asubuhi.

Kwa hiyo usiku wa Alhamisi, darasa likiwa limefungwa hadi Jumamosi, nikakaa na laptopu yangu, ile yenye betri nzima. Kwanza nikauliza `nix --version`, ikanijibu kuwa ni Lix. Halafu nikafungua usanidi, nikaufuta mstari mmoja: `nix.package = pkgs.lix;`. Ukishaufuta, NixOS inarudi kwenye Nix yake ya kawaida, ambayo kwa NixOS 25.05 niliyokuwa nayo ilikuwa 2.28. (Kama uliiingiza Lix kwa moduli yao, yaani kipande cha usanidi walichokiandika wenyewe, badala ya mstari huu, itafute sehemu zote mbili, kwenye orodha ya vyanzo na kwenye orodha ya moduli. Ukisahau moja, hutarudi.)

Nikatoa amri ya kujenga upya. Ikaenda vizuri mpaka kwenye hatua ya kuhakiki `nix.conf`, faili la mipangilio ya Nix, ikagoma. Ilisema haiitambui huduma ya majaribio iitwayo `pipe-operator`.

Huduma hiyo naipenda. Ndiyo inayokuruhusu kuandika alama `|>`, ili jibu la upande wa kushoto liingie moja kwa moja upande wa kulia, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani. Bila hiyo unarudi kwenye mabano ndani ya mabano. Nikasema basi, kumbe Nix ya asili haina kitu hiki, nimeacha asali. Nikaanza kuiondoa. Ilikuwa mahali kumi na moja. Nilipofika mahali pa saba stima ikakatika, feni ikasimama, na joto la Lamu usiku mnalijua. Nikaendelea kwa mwanga wa kioo, mbu wakinila miguu.

Mahali pa tisa nilikosea bano moja na kila kitu kikavurugika. Hapo ndipo nilipofungua mwongozo wa Nix niliokuwa nimeuhifadhi ndani ya mashine, jambo ambalo nilipaswa kulifanya saa nne zilizopita. Huduma ipo. Inaitwa `pipe-operators`. Ina s mwishoni. Lix waliipa jina la umoja, Nix wakaipa la wingi, na macho yangu yalikuwa yamelipita neno hilo mara ishirini bila kuona tofauti.

Nikarudisha mafaili yote kama yalivyokuwa, shukrani kwa Git, nikaongeza s, nikatoa amri tena. Ikapita. Adhana ya alfajiri ilikuwa imeshaanza.

Nilichokuwa nakihofia kuliko vyote ni bando. Nilidhani nitashushiwa upya kila kifurushi. Haikuwa hivyo. Kila kitu kinakaa ndani ya `/nix/store`, kila folda na alama yake ya herufi na tarakimu 32 mbele ya jina, na Lix na Nix zinasoma ghala hilo hilo na daftari lake hilo hilo la SQLite, aina ndogo ya kanzidata. Programu za ofisi, fonti, kamusi, hakuna kilichoguswa. Kilichoshuka ni Nix yenyewe na vitu vichache vinavyoandamana nayo. Bando la siku moja lilitosha na likabaki.

Jumamosi Bi anayefundisha kina mama kuchapa barua alinikuta nimeinamisha kichwa mezani. Nikamweleza. Akanitazama kwa huruma ya mtu anayetaka kucheka.

"Herufi moya, Mwalimu?"

"Moja tu, Bi."

"Na hiyo ndiyo ilokukesheza?"

Laptopu nyingine zilizokuwapo nilizimaliza kabla ya adhuhuri, kila moja kama dakika kumi, nyingi za kusubiri. Mstari wa mwenzangu ulikubali mara ya kwanza na kamusi ikaanza kuyapigia mstari mwekundu makosa yangu mwenyewe. Hali za zamani zenye Lix sikuzifuta mara moja. Niliziacha kwenye menyu kwa wiki mbili, nikahakikisha hakuna kilichoharibika, ndipo nikazisafisha kwa `nix-collect-garbage --delete-older-than 14d`, diski ikapumua kidogo.

Alama za `|>` zimebaki zote kumi na moja. Na Lix imebaki moja: laptopu ya sita aliiazima mwanafunzi wetu wa Shela kufanyia mradi wake wa shule, na amesema atairudisha kwa boti bahari ikitulia.