Nyimbo za bendi nazinunua pale pale ukumbini, hivi ndo nafanya

Mi ni mtu wa muziki wa dansi, sio kwa kujifunza ukubwani, nimekulia Temeke na kwetu ukiitaja bendi ya Msondo lazima mtu akujibu na wapinzani wao Sikinde. Sasa kuna jambo lilikuwa linaniuma siku nyingi, unaenda kwenye bendi, unacheza mpaka shati linaloa, afu ukitaka kusikiliza zile nyimbo nyumbani huna pa kuzipata zaidi ya kwenda kwa kijana wa kibandani akujazie kwenye memori kadi, na hapo bendi haipati hata mia.

Watu wengi wanajua wakishaenda shoo wameshaisapoti bendi. Sio hivyo moja kwa moja. Sehemu nyingi hapa Dar utakuta wameandika kiingilio kinywaji, maana yake hela yako inapita kaunta kwa mwenye baa kwanza, bendi inalipwa kwa makubaliano yao na wala hawalipwi zaidi eti kwa sababu we umekunywa sana. Afu kuna kutunza. Kutunza ni utamaduni wetu na mi natunza, ila angalieni hela inaenda wapi, inabandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, au rapa akikutaja jina unampelekea, mara chache mpiga solo. Yule wa besi aliyesimama nyuma karibu na spika, wa tumba, wale wa tarumbeta na mdomo wa bata, yaani saksafoni, wanarudi na kile walichogawiwa mwisho wa usiku basi. Na wanamuziki niliokaa nao wote wameniambia tuzo ni ya aliyetuzwa, haingii kwenye mfuko wa bendi.

Zamani ilikuwa tofauti kwa sababu bendi zilikuwa na mashirika nyuma yao. Msondo walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, hao Sikinde, walianza 1978 na baadae wakachukuliwa na shirika la DDC. Mwanamuziki alikuwa na mshahara wa mwezi, vyombo ni vya shirika, kurekodi ni Redio Tanzania. Leo bendi changa ya mtaani haina shirika, inakodi vyombo, inalipa usafiri, na studio kuna kazi maana msanii wa bongo fleva anaweza kuingia peke yake na prodyuza wakamaliza, ila dansi unaingiza watu kumi na kitu, drams za kupigwa kweli, magita matatu, wapulizaji, yaani gharama haifanani kabisa. Ndo maana unaona bendi ina nyimbo kibao jukwaani na zilizorekodiwa ni chache mno.

Wazo la kununua nililipata Zanzibar kwenye Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, lile tamasha la kila Februari lililoanza 2004. Niliona msanii anashuka jukwaani jasho halijakauka anasimama na CD zake mkononi, watu wanampa hela anasaini, wanapiga stori kidogo, wanaondoka. Nikajiuliza kwanini kwetu Temeke haipo.

Nikamfata kiongozi wa bendi moja ninayoipenda. Nilimfata mapema, saa wanafunga vyombo na kujaribu maiki, sio katikati ya sebene maana hapo hakuna mtu wa kukusikiliza. Nikamwambia kaka nataka kununua nyimbo zenu, mnauzaje? Akacheka kwanza, akasema mdogo wangu zipo, ila hakuna aliyewahi kuuliza. Zilikuwa kwenye kompyuta ya jamaa wa studio. Tukakubaliana aje nazo wiki inayofata, nikaja na flashi yangu, akanimwagia zote, nikampa msimbazi mmoja, yaani noti ya elfu kumi, na akaniandikia karatasi majina ya nyimbo na nani kapiga nini. Ile karatasi naithamini kuliko hata nyimbo, ndo mara ya kwanza nimejua jina la mpiga besi niliyekuwa namshangilia miaka yote.

Baada ya hapo tukakaa mashabiki kadhaa, tukachanga, tukanunua flashi kwa bei ya jumla Kariakoo, bendi ikaweka nyimbo, stationari wakatutolea karatasi ndogo yenye picha ya bendi. Dada mmoja mnenguaji ndo anakaa na meza pembeni ya mlango. CD hatukuhangaika nazo, nani ana pa kuichezea sa hivi, wakati flashi inaingia kwenye redio ya nyumbani, kwenye gari, kwenye bajaji, na bajaji ikipiga nyimbo zenu kutwa nzima hilo ni tangazo la bure. Mzee mmoja wa bendi aliogopa kwamba watu watanunua moja watazikopi, kiongozi akamjibu hata tusipouza wanaturekodi na simu, bora wapate iliyo safi na sisi tupate chochote.

Kinachouza ni mapumziko. Bendi ikipumzika mwimbaji anatangaza kwenye maiki meza iko wapi, na wapigaji wenyewe wanakuja kusimama pale, mtu akishapeana mkono na mpiga solo haondoki mikono mitupu. Mauzo yanaandikwa kwenye daftari na yanaenda kwa mhazini wa bendi, sio mfukoni kwa mtu, hilo mi nililisisitiza sana na wao wakalikubali.

Ukitaka kufanya hivi na bendi ya kwenu, uliza kwanza nani anashika hela, usimpe tu yeyote aliyevaa fulana ya bendi. Ukilipa kwa simu angalia jina linalotokea kabla hujathibitisha. Na jamani msiombe punguzo, mtu anatoa elfu kumi ya bia tatu bila kuuliza afu kwenye nyimbo ambazo watu kumi na tano wamezisumbukia anataka apunguziwe buku mbili, hapana.

Hela ya meza imeshawaingiza studio tena, na safari hii wapulizaji nao wameingia, zile nyimbo za mwanzo zilirekodiwa kwa kinanda kuigiza tarumbeta kwa sababu hela haikutosha.