Karate ya binti yangu

Binti yangu ana miaka minane, na tangu mwezi wa tano wimbo ni mmoja: "Mama, karate." Baba yake akasema atang'oka meno. Mimi nikapanda bajaji.

Darasa la kwanza, upande wa Mwanjelwa, mwalimu alinichangamkia mno. Mkanda mweusi ndani ya miaka miwili, akaniahidi, na ada ya kila mtihani wa mkanda imeshapangwa. Nikamuuliza watoto wanafundishwaje kuanguka. Akacheka. Nikaaga. Mkanda mweusi kwa mtoto wa miaka kumi, wa kupigana na nani?

La pili liko Soweto, ukumbi wa kukodi, sakafu ya saruji iliyotandikwa mikeka minene. Ilikuwa Julai jioni, ile baridi yetu ya Mbeya, na watoto wote peku. Saa nzima waliangushwa tu: kidevu kifuani, mkono upige mkeka ili usiumie. Kijana mmoja akakosea, akalia. Mwalimu akapiga goti, akamshika kisogo, akamrudisha chini polepole, bila kufoka. Hapo niliacha kuangalia saa.

Kumbe ni judo, si karate! Jigoro Kano aliianzisha Japani mwaka 1882, na mashindanoni haina ngumi wala mateke. Ni kukamatana na kuangushana. Nikamweleza binti kwa woga kidogo. Akauliza moja tu:

"Nguo nyeupe ipo?"

Ipo. Fundi cherehani wa Kabwe ameshachukua vipimo, ila bado ananibishia kuhusu suruali isiyo na zipu.