Harusi Tuliyoisogeza kwa Sababu ya Bamvua

Kikao cha tatu cha kamati ya harusi ya mdogo wangu wa kiume kilivunjika saa nne za usiku sebuleni kwa shangazi, Mbezi, bila muafaka. Sisi ni watu wa Kilema, Kilimanjaro. Wifi yangu mtarajiwa ni binti wa Bukoba. Upande wetu ulishikilia kwamba harusi ni ya mwoaji, kwa hiyo ni Moshi. Upande wa pili walikuwa wameshakubali kufanya send-off kwao, lakini waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, wazee wao watavukaje nchi kwa basi kutoka Ziwa Victoria hadi mlimani halafu warudi wakiwa wazima. Sauti zilipoanza kupanda, mdogo wangu, ambaye jioni nzima hakuwa amefungua mdomo, akasimama.

"Harusi itakuwa Unguja," akasema. "Ndiko tulikofahamiana. Huko hakuna atakayekuwa mwenyeji wa mwenzake, wote tutakuwa wageni."

Hesabu za kamati zilianguka pale pale. Kadi 350 zikawa watu 80, na mama alilia kwa ajili ya wale 270. Nililia naye, maana kila jina tulilolikata lilikuwa la mtu aliyewahi kutuchangia. Lakini jambo likawa limepita, na mimi dada mkubwa, tena mweka hazina, nikaambiwa nitangulie nikaangalie. Mdogo wangu alikuwa tayari ameshalipa arbuni ya laki tano kwa mtu aliyempata mtandaoni, mwenye ukumbi wa wazi ufukweni Paje. Alikuwa amechagua Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa kumi jioni, kwa sababu usiku huo mwezi ungekuwa mpevu na wifi alitaka picha mwezi ukichomoza baharini.

Nilipanda boti ya saa moja asubuhi mwishoni mwa Julai. Kusi lilikuwa linavuma. Kwa mtu aliyekulia mlimani, zile saa mbili kati ya Dar na Unguja ni ndefu. Tulipoacha bandari nyuma, boti ilianza kupanda na kushuka, wahudumu wakapita na mifuko, na mama aliyekaa pembeni yangu akanipa nusu ya ndimu yake ninuse. Abiria waliozoea waliniambia kwamba asubuhi ndiyo nafuu, mchana upepo ukishika kasi ni taabu zaidi. Nikaandika kwenye daftari: wazee wote boti ya kwanza, ndimu kilo mbili. Kisha nikaandika jina la bibi na kuweka alama ya kuuliza mbele yake. Bibi yetu amevuka miaka 80 na hajawahi kuiona bahari.

Mjini nilianzia kanisani. Wanaoingia Unguja kwa boti huiona minara ile miwili ikichungulia juu ya mabati ya Mji Mkongwe, na wenyeji huliita hivyo hivyo, Minara Miwili. Ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari wa Kifaransa mwishoni mwa karne ya 19. Ndoa ya kwenye mchanga, ambayo mdogo wangu alikuwa ameiwazia, iliisha kwa dakika moja. Padri alinieleza kwa upole kwamba Wakatoliki wawili hufunga ndoa kanisani, na mahali pengine ni mpaka kibali cha askofu. Basi tukapanga: kanisani saa nne asubuhi, ufukweni jioni. Akataka vyeti vya ubatizo vilivyotolewa upya ndani ya miezi sita, barua za maparoko wa pande zote mbili, uthibitisho wa mafundisho ya ndoa, na matangazo ya Jumapili tatu katika kila parokia. Mwenye kupanga harusi ya mbali aanze na karatasi hizi kabla hajagusa maua, kwa sababu barua ya paroko wa kijijini haiji kwa simu.

Nilipobaki peke yangu kwenye benchi nikakumbuka jambo lililonifanya niiangalie safari hii kwa jicho jingine. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa Unguja miaka ya 1860. Mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo, na miaka ishirini na ushee baadaye wakapanda hadi Kilema kwetu. Bibi alibatizwa Kilema. Njia iliyoleta ubatizo wake ilianzia kisiwa hiki. Nikaifuta ile alama ya kuuliza. Bibi atapanda ndege kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kama mchango hautatosha, nauli yake ni juu yangu.

Kutoka mjini hadi Paje ni kama kilomita 50. Nilipanda daladala, tukapita Tunguu, tukapita msitu wa Jozani ambako dereva alipunguza mwendo kwa ajili ya kima punju waliokuwa wanavuka barabara, wekundu mgongoni, wakiburuta mikia mirefu. Maharusi watatumia zaidi ya saa moja njia hii. Basi chakula cha mchana kitasubiri Paje, wala tusiwashindishe wazee njaa kwa ajili ya picha za Forodhani.

Asubuhi yake, saa nne, nilitoka kwenda kuuona ukumbi wetu. Bahari haikuwepo. Mbele yangu kulikuwa na mchanga mweupe, kisha majani ya bahari, kisha vidimbwi vinavyong'aa, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yakipasuka kwenye mwamba. Katikati ya uwanda huo wanawake walikuwa wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, safu za vigingi na kamba. Kazi hiyo ilianza pwani hii mwaka 1989, na mpaka leo wengi wa wanaoifanya ni wanawake. Mbele ya ukuta wa ukumbi palikuwa na mchanga mpana, mkavu, kama ulivyokuwa kwenye picha za yule bwana. Nikafurahi. Nikahesabu hatua 40 kutoka ukutani, nikaweka mawe manne: hapa meza ya maharusi, hapa wazee, hapa njia ya kuingilia.

Bi mkubwa mmoja alikuwa anapita na kiroba cha mwani kichwani, kanga imelowa hadi magotini. Akasimama.

"Mwanangu, wapima kiwanja?"

"Shikamoo bi mkubwa. Ni harusi ya mdogo wangu."

"Marahaba. Mungu aijaalie. Saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Mwezi ngapi?"

"Septemba, tarehe ishirini na sita."

"Sikuulizi huo. Nakuuliza huu wa juu."

Nilipomwambia kwamba siku hiyo mwezi utakuwa mpevu akashusha kiroba chake chini, akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyesogelea jiko. Akasema leo pia ni mpevu, basi nisiende popote, saa kumi nije nikae hapa hapa nilipoweka mawe. Maji yakiwa makavu saa nne, alisema, jioni huwa pomoni.

Nilirudi saa tisa. Vidimbwi vilikuwa vimeshaungana. Bahari haikuja kwa kishindo, ilikuja kama maji yanayomwagika sakafuni, ikijaza kila alama ya mguu kabla ya kusogea mbele. Jiwe langu la kwanza lilizama saa tisa na nusu. Saa kumi yote manne yalikuwa chini. Wimbi likagonga ukuta, likarudi na kuacha nyuzi za mwani kwenye mizizi ya mvinje, kisha jingine likaruka ukuta na kulowesha viatu vyangu. Nilisimama pale nikiona viti 80 vyenye vitambaa vyeupe, mama mkwe wa mdogo wangu na gauni lake, bibi na fimbo yake, vyote ndani ya maji. Mwili ulinisisimka. Kadi zilikuwa zinakwenda kuchapwa Ijumaa.

Bi mkubwa alikuja baada ya sala ya alasiri. Tukakaa kwenye ngazi za msikiti mdogo ulio karibu, akanifundisha kwa vidole. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hupwa mno asubuhi na hujaa mno jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayaendi mbali wala hayaji juu, na jioni huwa yamekupwa. Kila siku maji huchelewa karibu saa moja kuliko jana yake, dakika 50 hivi. Kwa hesabu hiyo mtu anajua, kabla hata hajafika pwani, saa kumi ya siku yoyote itakuwaje.

"Sasa mimi nifanyeje, bi mkubwa? Wanautaka mwezi kwenye picha."

Akafikiri. "Chukueni mwezi kumi na mbili. Maji yatajaa saa nane, saa kumi yameshageuka yanatoka. Mchanga utakuwa umekaza, watoto watacheza. Na mwezi utakuwa juu huko mashariki kabla jua halijazama. Mdogo kidogo tu kwa huo mpevu, nani atautambua?"

Alimaanisha siku ya kumi na mbili tangu mwezi kuandama, siku tatu kabla ya mpevu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilimpigia mdogo wangu pale pale. Kwa kawaida harusi yetu ya Jumatano haiwezekani, watu wako kazini. Lakini atakayevuka bahari kwa ajili ya harusi ameshaomba ruhusa ya siku nne, na kwake Jumatano na Jumamosi ni mamoja. Wifi aliuliza kitu kimoja tu, kama kanisani panapatikana. Padri alisema panapatikana. Yule mwenye ukumbi alipoambiwa tunabadilisha siku alisema arbuni hairudi na siku nyingine ni malipo mapya. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia habari ya maji naye akajibu kwamba hatukuuliza. Tuliachana naye. Mia tano elfu ya kijana anayejenga maisha ni fedha nyingi, na iliniuma. Tukapata nyumba ya wageni nyingine, hatua 300 kusini, yenye ua mpana wa minazi nyuma ya ufuko. Hata bahari ikituudhi, tuna pa kurudi.

Siku ya tatu nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini. Hakuna aliyeniagiza, lakini sioni unawezaje kuleta watu 80 na spika kwenye kijiji cha watu bila kubisha hodi. Alinipokea vizuri. Akaomba muziki unyamaze adhana ya magharibi na ya isha, wageni wakipita mitaani wajistiri, na vileo vibaki ndani ya ua. Upande wetu mbege na upande wa pili rubisi vitakuwa vimeshanyweka nyumbani kwenye shughuli za kimila, kwa hiyo hilo halikutupa shida. Nikamweleza kuhusu ndafu, kwamba kwetu harusi haikamiliki mpaka mbuzi mzima aliyechomwa aingie ukumbini amesimama, na majani mdomoni. Akacheka kwa furaha, akasema atatutafutia kijana wa kuchinja, ili majirani nao wapate nyama bila wasiwasi. Mama mkwe ameshatuma ujumbe kwamba yeye atakuja na senene wake kutoka Bukoba, tumwachie nafasi mezani.

Kuna rafiki wanne wa mdogo wangu wanaotoka Ujerumani. Hao nimewaandikia mapema kuhusu bima ya Zanzibar, ambayo tangu Oktoba 1, 2024 kila mgeni wa kigeni asiye mkazi wa Tanzania anatakiwa kuikata, dola 44 kwa mtu mzima. Wasije wakakwama uwanja wa ndege siku ya harusi.

Jioni ya mwisho nilikwenda kumuaga bi mkubwa. Nilimkuta anaanika mwani uani, akiutandaza kwa mikono miwili na kuokota takataka moja moja. Nikamwambia yeye na wenzake ni wageni wa kadi, wala si watu wa kupitia dirishani. Akasema atakuja, ila atachelewa kidogo kama maji yatakuwa yametoka mapema, kwa sababu shamba halisubiri. Nikamwambia tutamwekea.

Kisha nikampigia bibi. Simu yake hushikiwa na binti wa jirani, na bibi huongea akipaza sauti kana kwamba anaita ng'ambo ya korongo. Nikamwambia habari ya kanisa na ya ndege. Nikamwambia na habari ya maji, jinsi yanavyotoka asubuhi mpaka unaona chini, watu wanatembea na kulima humo, halafu jioni yanarudi hadi ukutani. Akanyamaza.

"Yakitoka yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda kule mbali, bibi. Halafu yanarudi."

"Kila siku?"

"Mara mbili kwa siku."

Nikamsikia akimweleza yule binti kwa Kichaga, polepole, kisha akarudi kwenye simu.

"Kiti changu," akasema, "usikiweke nyuma."